UZI: Onyesho la laivu la bluzi, folki na kantri roki. Usimsikilize mwimbaji peke yake, msikilize na anayemjibu

NyuziSita (mleta uzi)

Wakuu habari za wakati huu.

Uzi huu ni kwa wapenzi wa muziki wa magitaa wa Marekani, ule uliochanganya bluzi, folki na kantri roki, na hasa kwa wale ambao hawajawahi kuusikia ukipigwa laivu. Wengi tunaujua kupitia simu. Kwenye simu mwimbaji yuko mbele, vyombo viko nyuma, wimbo unaisha, unaingia mwingine. Ukumbini ni habari nyingine kabisa. Unaona kwamba mwimbaji amebeba nusu tu ya wimbo. Nusu ya pili iko kwa yule anayemjibu, na mara nyingi anayejibu hafungui mdomo.

Tuanze na ubeti wa bluzi wenyewe. Umbo lake lililozoeleka ni mishororo mitatu: wa kwanza unatoa habari, wa pili unairudia, wa tatu unaifunga. Chini yake kuna duru ya hatua 12, kila hatua mapigo manne, kwa kodi tatu tu, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja: kodi ya noti ya kwanza, ya nne na ya tano ya ngazi ya wimbo. Kwa hesabu hiyo kila mshororo unapata hatua nne. Lakini mwimbaji hazimalizi. Anaimba kama mbili hivi, ananyamaza, na zinazobaki ni za gitaa, au harmonika, au kinanda. Nafasi ile imeachwa makusudi ili mtu ajibu. Ukimkazia macho mwimbaji tu, umesikia upande mmoja wa mazungumzo.

Onyesho nililohudhuria juzi lilikuwa la bendi ya watu sita, kwenye ukumbi mdogo. Mbele alisimama mwanamke anayeimba huku akipiga gitaa kavu. Kulia kwake mpiga gitaa la umeme aliyevaa bomba la kioo kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndiyo slaidi yenyewe. Kushoto kulikuwa na pedali stili, lile gitaa linalolazwa kama meza juu ya miguu yake lenyewe, nyuzi 10, pedali chini na vyuma vya kusukuma kwa magoti. Nyuma besi, dramu, na kijana wa kinanda ambaye pia alikuwa na harmonika.

Nilisogea upande wa slaidi nikabaki hapo. Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu mno. Mwimbaji akaimba mshororo wa kwanza, akarudi nyuma ya maiki, akageuza uso kwa mpiga gitaa. Jamaa hakukimbilia. Aliacha pigo zima lipite, ndipo akagusa uzi mmoja. Bomba la kioo haligandamizi uzi kwenye ubao, linapita juu yake tu, kwa hiyo sauti haina ngazi, inateleza kama mtu anayelalamika. Aliianzia noti chini kidogo ya mahali pake, akaipandisha polepole, na ilipokaribia kufika akaanza kuitetemesha. Vidole vingine, nyuma ya bomba, vilikuwa vimelala juu ya nyuzi kuzizuia zisivume. Mshororo uliporudiwa akajibu kivingine, noti tatu za chini, fupi fupi. Mshororo wa tatu hakujibu kabisa. Ikaingia pedali stili.

Na inavyoingia sasa! Mpigaji anakwanyua nyuzi huku pedali ya kuongeza sauti ikiwa imefungwa, kisha anaifungua kwa mguu taratibu. Husikii kabisa kidole kikigusa uzi. Sauti inajaa ukumbini bila kujulikana ilianzia wapi. Halafu pedali nyingine inavuta noti moja ndani ya kodi wakati zile nyingine zimetulia. Watu waliokuwa wanapiga soga karibu yangu walinyamaza wenyewe.

Slaidi kwa mazoea ni ya bluzi na pedali stili ni ya kantri. Pale zilimjibu mtu mmoja ndani ya ubeti mmoja, na hakuna kilichogongana. Mimi naamini ni kwa sababu muziki huu ulikuwa nyumba moja tangu zamani, na waliojenga ukuta katikati ni wauzaji. Miaka ya 1920 kampuni za rekodi za Marekani ziliuza nyimbo za Weusi katika orodha yake na nyimbo za Weupe wa vijijini katika orodha nyingine. Wapigaji wenyewe walikuwa wakifundishana. Hank Williams, nyota wa kantri, akiwa bado mtoto kule Alabama alifunzwa na Rufus Payne, mpigaji Mweusi wa mitaani aliyejulikana kama Tee Tot. A.P. Carter wa kundi la kantri la Carter Family alizunguka milimani kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi. Carter akiandika maneno, Riddle akiishika tuni kichwani. DeFord Bailey, Mweusi na harmonika yake, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza mwaka 1925. Mwaka 1930 Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alirekodi bluzi huku Louis Armstrong akimjibu kwa tarumbeta. Na santuri ya kwanza ya Elvis Presley, Memphis mwaka 1954, upande mmoja ulikuwa wimbo wa bluzi wa Arthur Crudup, upande wa pili wimbo wa Bill Monroe, mwasisi wa blugrasi, ile kantri ya vyombo vya nyuzi visivyo vya umeme. Santuri moja, pande mbili, ukuta haupo.

Karibuni. Waliowahi kuhudhuria maonyesho ya aina hii watueleze masikio yao yalikwenda wapi.

MpigaBesi

Mkuu heshima kwako, uzi umeshiba. Nina swali la kifundi. Wimbo ukiwa umechanganywa hivyo, unajuaje sasa hivi tuko kwenye bluzi na sasa tumehamia kantri? Maana kodi ni zilezile tatu.

NyuziSita

Mkuu MpigaBesi, jibu liko kwenye chombo chako mwenyewe. Kodi zinafanana kweli, lakini mwendo haufanani. Besi ya kantri ya kawaida inatembea kwa miguu miwili: noti ya msingi kwenye pigo la kwanza, noti ya tano kwenye pigo la tatu, na gitaa kavu linajaza la pili na la nne. Ukisikia mwili unataka kwenda kushoto na kulia, uko kantri. Bluzi ya mwendo wa shafo inagawa kila pigo mara tatu halafu inaruka sehemu ya katikati, ndiyo unapata ule mwendo wa kuchechemea wenye raha. Bendi nzuri inahama kutoka mmoja kwenda mwingine katikati ya wimbo na wewe unahisi magotini kabla kichwa hakijajua.

Alama ya pili ni noti ya tatu na ya saba ya ngazi. Mwimbaji wa bluzi anazishusha kidogo, na mara nyingi anakaa kati ya noti mbili za kinanda. Gitaa linaweza kuvuta uzi kufika hapo, harmonika inaweza kupindisha pumzi. Kinanda hakiwezi, kwa hiyo mpigaji anabonyeza vibonye viwili vya jirani karibu kwa pamoja ili viumane. Yule kijana wa juzi alikuwa anafanya hivyo kwa kidole kimoja, akitelezesha kutoka kibonye cheusi kwenda cheupe. Tamu sana.

BintiFidla

Mleta uzi nakuheshimu, ila naomba nikupinge. Umeandika vyombo, vyombo, vyombo. Huu muziki una mguu mmoja kwenye folki, na folki ni maneno. Mimi nikienda kwenye onyesho kama hilo naenda kusikia kisa: mtu aliyefiwa, mgodi uliofungwa, mto uliofurika, mama anayemsubiri mwanawe. Gitaa likimfunika mwimbaji nakereka kabisa. Ugomvi wa Newport mwaka 1965 ulihusu jambo hilihili kwa sehemu kubwa. Watu walikwenda kwenye tamasha la folki kumsikiliza Bob Dylan, mwimbaji wa folki waliyemzoea na gitaa kavu, akapanda jukwaani na magitaa ya umeme.

NyuziSita

Dada BintiFidla umeleta hoja ya msingi. Tarehe 25 Julai 1965 Dylan alipiga nyimbo tatu na bendi, ndani yake wakiwemo Mike Bloomfield kwenye gitaa la solo na watu wengine wa bendi ya bluzi ya Paul Butterfield. Kuna waliozomea, na hadi leo watu wanabishana kama walizomea umeme wenyewe, ubovu wa sauti au ufupi wa onyesho. Baadaye alirudi na gitaa kavu akapiga mbili peke yake. Lakini mimi nakiona kitu kingine pale. Bloomfield hakuwa anacheza nyuma ya maneno, alikuwa anayajibu, tena kwa ukali. Wasikilizaji walizoea mtu mmoja anasimulia na wote wananyamaza. Ghafla kuna mtu wa pili anayezungumza.

Kuhusu maneno kufunikwa, hapo tuko pamoja kabisa. Anayejibu akiingia kabla mwenzake hajamaliza, huo ni utovu wa adabu na wimbo unaharibika. Kwenye onyesho la juzi upande huo walikuwa safi. Mwimbaji alipofika kwenye kisa kirefu, wimbo wa folki wenye beti nyingi, mpiga dramu aliweka fimbo chini akachukua brashi, mpiga slaidi akafunga sauti kabisa akakunja mikono. Beti kadhaa hakuna aliyemgusa mwimbaji isipokuwa besi. Pedali stili ilipoingia kwenye ubeti wa mwisho, ilipiga noti mbili tu. Nilimwona dada mmoja mbele yangu anafuta macho, na sidhani angelia bila yale maneno, wala bila zile noti mbili.

BintiFidla

Hapo umenielewa. Basi nikuongezee: fidla nayo inajibu, tena iko karibu na sauti ya mtu kuliko hata slaidi, maana haina mistari kwenye ubao. Ukikutana na bendi yenye fidla, mwangalie mpigaji anavyovuta upinde mfupi mfupi wakati mwimbaji anaimba, halafu anaumwaga mrefu anaponyamaza.

Mzee wa Harmonika

Vijana, harmonika mmeipita haraka. Ile ndogo ya matundu 10 ndiyo chombo pekee kwenye bendi ambacho kinafanya kazi ukivuta pumzi na ukipuliza. Na siri ya bluzi iko kwenye kuvuta. Wimbo ukiwa kwenye E, yaani noti ya E ndiyo nyumbani kwake, mpigaji wa bluzi anachukua harmonika ya A, kwa sababu hapo noti muhimu zinaangukia kwenye kuvuta, na noti za kuvuta za chini zinakubali kupinda kwa urahisi. Wa folki mara nyingi anachukua ya E kwa wimbo wa E, anapuliza zaidi, inatoka safi na nyoofu. Kwa hiyo hata kabla mtu hajapiga, ukiona anachagua ipi kwenye mkoba wake, umeshajua anakwenda kujibu kwa lugha gani.

Na muangalie mikono. Little Walter kule Chicago miaka ya 1950 aliifunga harmonika na maiki pamoja ndani ya viganja na kuzipitisha kwenye amplifaya, ikatoka nene na yenye kukwaruza kama saksafoni. Mpigaji wa folki anaiweka kwenye chuma cha shingoni ili mikono ipige gitaa, kwa hiyo viganja havipo, na sauti ni nyingine kabisa.

NyuziSita

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la kuchagua harmonika nitalitazama kwa makini safari ijayo. Kijana wa juzi alipiga za aina zote mbili, na kweli kwenye bluzi aliishika na maiki ndani ya viganja.

SautiKali

Wakuu, mimi tatizo langu ni mahali pa kusimama. Kuna onyesho nilikwenda, besi ilikuwa inatikisa kifua, mwimbaji sikumsikia hata neno. Nikarudi nyumbani masikio yanalia.

NyuziSita

Pole sana mkuu. Ukisimama chini kabisa ya jukwaa unasikia zaidi amplifaya ya mpigaji aliye mbele yako, wakati sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni zinazotazama nyuma yako. Ukisimama ukutani au kwenye kona, besi inajilundika hapo. Sehemu ya uhakika ni karibu na fundi mitambo, mbele kidogo ya mixa yake, kwa sababu yeye anapanga kila kitu kwa masikio yaliyoko pale. Mimi hupenda kuanza karibu na mpigaji ninayetaka kumwona mikono, nikishamshika narudi kwa fundi mitambo kumalizia.

Kuhusu masikio, usifanye mzaha. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Piga hesabu: kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Kwa hiyo hata ukumbi unaofuata mwongozo, onyesho la saa mbili linatosha kukuumiza. Vaa vizibo vya masikio, na kama unaweza pata vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote sawasawa. Vya sponji vinakata zaidi sauti za juu, unabaki na besi na mlio wa slaidi unapotea.

Uzuri wa muziki huu hauhitaji kelele. Bendi inayojua kazi yake inashuka mpaka unasikia kiatu cha mwimbaji kikigonga jukwaa, halafu inapanda, na kupanda huko kunakugusa kwa sababu ilishuka.

MpigaBesi

Sahihi kabisa. Na anayeshusha na kupandisha ni dramu. Kama mnataka kumwona mtu anayeita na kujibu peke yake, tafuteni Levon Helm, mpiga dramu wa bendi iliyoitwa The Band. Mtu wa Arkansas, wenzake wanne walikuwa Wakanada, na yeye alikuwa anaimba huku anapiga dramu. Sauti inatoa mshororo, mkono unajibu kwa pigo moja, tena la kuchelewa kidogo. Onyesho lao la ukumbi wa Winterland, San Francisco, Novemba 1976 lilirekodiwa na kutengenezewa filamu, na Muddy Waters mwenyewe, nguli wa bluzi ya Chicago, alipanda jukwaani. Helm alipata saratani ya koo mwishoni mwa miaka ya 1990, ikamnyang'anya sauti. Ikarudi, na kuanzia mwaka 2004 akawa anaalika watu nyumbani kwake Woodstock, kwenye ghala lake, wanakaa karibu kabisa na bendi. Aliendelea hivyo karibu mpaka alipofariki mwaka 2012.

Kinubi

Naomba nami niweke kidogo. Huyo Jimmie Rodgers aliyetajwa kwenye uzi alifariki mwaka 1933 na hakuwahi kufika Afrika, lakini santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wakiimba kwa kinubi wimbo wa Chemirocha, yaani jina la Rodgers lilivyokaa midomoni mwao, wakimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Wasichana wanaitikia, kinubi kinajibu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema muziki huu ni wa mbali namshangaa kidogo. Hata banjo yenyewe mizizi yake iko kwenye vyombo vya Afrika Magharibi, vya ngozi juu ya kibuyu, na waliovuka bahari na ujuzi huo ni watumwa.

NyuziSita

Kinubi, umenipa furaha ya pekee. Rekodi ile naijua na sichoki kuisikiliza. Kuitana na kuitikiana ndiyo uti wa mgongo wa uzi huu, na wewe umeuonyesha ukienda na kurudi.

Mgeni wa Jiji

Habari wakuu. Nimefuata uzi tangu mwanzo, nimejifunza mengi. Nina tiketi ya onyesho la namna hii na sijawahi kuhudhuria. Nikifika nifanye nini, na makofi yanapigwa wakati gani?

NyuziSita

Karibu sana ndugu. Wahi, ili uwaone wakiweka vyombo. Angalia kama kuna pedali stili, slaidi, fidla, harmonika, maana hao ndio watakaojibu. Chagua mmoja wao na ukae naye nyimbo mbili nzima bila kuhama. Utaanza kuona anavyomtazama mwimbaji mdomoni akisubiri zamu yake.

Makofi ya kufuata mwendo yanakaa kwenye pigo la pili na la nne. Ukumbi mzima ukipiga la kwanza na la tatu unamvuta nyuma mpiga dramu, na wewe ukishikilia la pili na la nne jirani zako watakufuata. Mpigaji akimaliza solo nzuri mpe makofi hapohapo, wimbo ukiwa unaendelea. Kwenye nyimbo za taratibu usiongee, hata kwa kunong'ona, kwa sababu ile nafasi inayoonekana tupu tayari ina mwenyewe.

Kitu cha mwisho. Bendi nyingi za aina hii hufika mahali zikazima magitaa ya umeme na wote wakazunguka maiki moja katikati ya jukwaa, kama blugrasi ya zamani. Hapo fundi mitambo anabaki na kazi ndogo tu. Wanajipanga kwa miguu: anayeimba anaingia, anayemaliza anarudi nyuma, mwenye solo anasukuma gitaa lake karibu na maiki, na mara nyingine wanakaribia kugongana vichwa. Ukiwaona wanaisogeza maiki katikati, acha ulipo na usogee mbele.